Gunia la Shimo la Tisa

Katibu wa klabu ameniomba kurasa mbili za kuwatia moyo ninyi wasichana mnaojifunza gofu, zibandikwe ukutani kando ya ule ubao wa majina unaopakwa rangi upya. Alisema ziwe fupi, ziwe na kisa kimoja au viwili vya maisha yangu, na mwishoni niseme kwamba bidii hulipa. Mimi ndiye mwanamke wa kwanza wa jimbo la Tshopo kupata kadi ya mchezaji wa kulipwa, na hadi leo niko peke yangu, kwa hiyo nadhani alidhani ninajua kinacholipa. Zitakuwa ndefu kidogo kuliko alivyoomba, na kuhusu bidii tutaona.

Najua mnachozungumza pale chini ya paa la mabati mkingoja mvua iishe. Mnasema Georgette alitetemeka. Alhamisi alibakiwa na pigo moja tu, hatua nne hadi shimoni, mbele ya mtahini aliyetoka Kinshasa. Mpira ukiingia, anapata kadi. Haukuingia. Aliulenga pembeni, kana kwamba aliona shimo la pili ambalo sisi wengine hatukuliona. Jumatatu anapanda gari kwenda Banalia kwa tonton yake, yaani mjomba wake, kuuza chumvi na betri dukani, maana baba yake alimpa mwaka mmoja wa mchezo huu na mwaka umekwisha. Mnasema woga ulimwingia mikononi. Mimi siku ile nilikuwa karibu naye kuliko ninyi nyote, nimeshika gunia, na ninawaambia Georgette hakutetemeka. Ila mimi ni mzee na ukuta wa katibu ni mpana, kwa hiyo mtanivumilia nianze na gunia lenyewe.

Kwenye televisheni mmeona wenzetu wa nchi nyingine wakisukuma mpira juu ya majani laini kama zulia. Hapa Kisangani majani ya namna ile yakipata mvua ya wiki moja yanakuwa msitu, na yakipata mtunzaji mvivu yanakuwa malisho ya mbuzi wa jirani. Kwa hiyo waliotutangulia walizungushia kila shimo duara la mchanga uliochanganywa na mafuta machafu ya injini, ili upepo usiupeperushe na maji yasiuchukue. Zamani mafuta tuliyapata karakana za Lubunga, ng'ambo ya mto mkubwa. Siku hizi tunayaomba kwa vijana wa pikipiki. Mchanga uwe wa mto Tshopo, wenye punje kubwa, si ule laini unaoshikana kama ugali. Ndoo tano za mchanga kwa nusu ndoo ya mafuta, kisha unakanyaga kwa miguu mitupu mpaka rangi iwe moja. Marehemu mume wangu alikuwa akisema alioa mwanamke akaletewa lori.

Mchanga una shida moja: kila unyayo unabaki. Ndiyo maana kabla mchezaji hajausukuma mpira wake wa mwisho, mtu huvuta gunia kutoka mpira hadi shimo, mara moja tu, ili kumnyooshea njia. Kazi hiyo ilikuwa ya wanawake tangu mwanzo. Wanaume walibeba fimbo na kupewa kofia, sisi tulifagia na kupewa jua. Nilianza nikiwa na miaka kumi na saba. Mama yangu, mtu wa Maniema aliyekuja mjini na masinia matatu na dada zake wawili, aliniombea kazi kwa jirani yetu, Mama Bolaya wa Yanonge, aliyekuwa mkubwa wa wafagiaji.

Mama Bolaya hakujua kusoma, hakuwahi kushika fimbo, na sijaona mtu aliyeujua mchezo huu kuliko yeye. Siku ya kwanza alinisimamisha kando ya shimo la pili akaniuliza naona nini. Nikasema naona bwana anapiga mpira.

"Bon, ile njo shida ya batu yote," akasema. "Banaangalia mupira. Mupira hauna akili, Zaina. Unaenda kwenye muchanga unataka. Weye angalia muchanga."

Akanifundisha kuufinya mchanga asubuhi kwa vidole viwili: ukilia kidogo, mpira utakwenda taratibu, piga kwa nguvu. Saa sita jua likishalainisha mafuta, mpira unateleza, basi usukume tu kama unaamsha mtoto. Baada ya mvua usiamini chochote, hata mwenyekiti wa klabu akikuapia. Hayo yote ninyi mmeyasikia kwangu mpaka mmechoka, na mlidhani ni yangu. Ni ya mwanamke aliyekuwa akitia alama ya kidole kwenye daftari la mahudhurio.

Kuna jambo moja la Mama Bolaya ambalo sikuwafundisha, na ndilo hilo ninalolikaribia kwa mwendo wa kinyonga. Gunia, kama mjuavyo, limefungwa kwenye kipande cha mti chenye urefu wa mkono, na kamba imefungwa ncha zote mbili. Ukivuta sawasawa, mti unalala na mchanga unabaki bapa. Ukifupisha kamba ya kushoto kwa kidole kimoja tu, ncha ya kushoto inauma mchanga, na nyuma yake unabaki mfereji mwembamba ambao kina chake hakifiki unene wa ukucha. Mchezaji hauoni, maana anaangalia shimo. Watazamaji hawauoni, maana wanamwangalia mchezaji. Lakini mpira ukianza ndani ya mfereji ule, unaenda shimoni kama mbuzi anayerudi zizini. Sisi wafagiaji tuliuita nzela ya chef, njia ya mkubwa.

Mkubwa mwenyewe alikuwa direkta mmoja wa kiwanda, ambaye jina lake tuliache lipumzike. Akishinda mashindano ya Jumapili, wafagiaji wote tulipewa Jumatatu ya kupumzika. Akishindwa, Jumatatu alizunguka uwanja mzima akihesabu majani yaliyoanguka. Kwa hiyo Mama Bolaya alimfanya ashinde. Vile vikombe vitatu vilivyo kabatini, ambavyo mnavifuta vumbi kila Ijumaa kwa adabu, ni kazi ya kidole chake cha kushoto. Siku moja direkta aliwakusanya wachezaji wenzake barazani, bia mkononi, akawafundisha kuhusu utulivu wa kiganja. Sisi tulisimama nyuma na magunia yetu, tukiitikia kwa vichwa.

Kupiga mpira nilijifunza jioni, kwa fer ya saba, fimbo ya chuma iliyotupwa, ambayo mpini wake niliufunga kwa mpira wa gurudumu la toleka, baiskeli ya kubeba abiria. Ndiyo sababu hadi leo ninawaambia: fimbo mbovu ni mwalimu mzuri, maana haikusaidii hata kidogo. Nilikosa mengi. Niliwahi kuvunja taa ya gari la askofu, nikasimama na wenzangu kumlaani mtu asiyejulikana aliyefanya vile. Miaka ya vita uwanja ulilimwa mihogo, na shimo la nne lilitoa sombe, kisamvu chetu, tamu kuliko lilivyowahi kutoa wachezaji. Vita vilipokwisha tukang'oa mihogo, tukakanyaga mchanga upya, na wanaume wengi walikuwa wamekwenda zao. Mimi nilikuwepo.

Ndipo shirikisho likaandika barua likisema kila jimbo litoe mwanamke wa kufanya mtihani wa kadi. Klabu ilitafuta mwanamke miongoni mwa wake za wakubwa, ikatafuta miongoni mwa binti zao, kisha mtu mmoja akakumbuka kwamba yule mfagiaji mweusi wa shimo la tisa anawashinda wabeba fimbo wote jioni. Direkta, ambaye bado alikuwepo, alisema nina kipaji lakini nimekosa utulivu wa kiganja.

Mtihani wangu ulikuwa sawa na wa Georgette: raundi mbili za mashimo yetu tisa, na usipite mapigo themanini na mawili. Nilifika kwenye mchanga wa shimo la mwisho nikiwa nimepiga themanini na moja. Mpira wangu ulilala hatua tano kutoka shimoni. Mama Bolaya akavuta gunia.

Nilikuwa nimevuta gunia lile kwa miaka mingi, sikuhitaji hata kuinama. Mfereji ulikuwa pale, umepinda kidogo kwa kushoto kufuata mteremko, mzuri, kazi ya fundi. Mngependa niseme kwamba nilipigana na nafsi yangu. Nilipigana nayo kwa muda wa pumzi moja, na mimi nikashinda haraka sana. Niliuweka mpira mwanzo wa mfereji, nikausukuma, nikasikia ukigonga kopo la maziwa lililo ndani ya shimo. Watu walipiga makofi. Direkta alinipa mkono.

Jioni nilimfuata Mama Bolaya nyumbani kwake, nikamkuta akiponda ndizi za lituma.

"Mama, ulivuta nzela ya chef?"

"Nilivuta gunia."

"Mama Bolaya."

"Zaina, mi niko mufagiaji. Nafagia. Weye njo ulipiga. Ama iko mutu mwingine alipiga?"

Akanipa mchi niendelee kuponda. Hatukulizungumza tena jambo lile, na baada ya miaka michache alifariki, kwa hiyo sasa ninalizungumza peke yangu.

Kadi ilinipeleka mbali, na huko mbali kuna majani. Mashindano yangu ya kwanza yalikuwa nchi ya jirani, uwanja umenyolewa vizuri kuliko kichwa cha bwana harusi. Nikafika kwenye duara la kwanza, mpira wangu uko karibu, nikarudi nyuma hatua mbili, nikasimama. Wenzangu wawili nao wakasimama. Tukangojana. Mmoja akaniambia kwa upole, "Dada, ni zamu yako." Nikamjibu kwamba najua, lakini sipendi kuwaharakisha watu kazini. Nilikuwa ninamngoja mwenye gunia.

Hakuja. Kulikuwa na umande mwingi, na kwetu sisi kinachokaa juu ya njia huondolewa. Nikatoa kikwembe changu cha kitenge mfukoni, nikakikunja mara nne, nikafagia kutoka mpira hadi shimo, bapa kabisa, bila mfereji, kwa uaminifu ambao nyumbani sikuwa nao. Mwamuzi akaniandikia adhabu ya mapigo mawili. Katika maisha yangu yote ya gofu hiyo ndiyo mara pekee niliyoadhibiwa kwa kufagia.

Nilicheza miaka kumi na mitatu. Mara moja nilishika nafasi ya tatu. Tulikuwa wanne, na mmoja alikuwa na malaria. Fimbo ndefu nilizipiga vizuri, hilo hata wasionipenda watawaambia. Kilichonishinda ni mipira mifupi, ile ya hatua nne au tano. Kila nilipousimamia mpira wa namna ile nilirudi kwenye shimo la tisa, nikajiuliza kama ule wa mtihani ningeuingiza mwenyewe, bila njia ya mkubwa. Labda ningeuingiza. Nilikuwa na mkono mzuri. Lakini sikujua, na sitajua, na kutojua huko kulinichosha kuliko safari zote za lori na ndege. Hilo ninalisema bila mzaha, ingawa mmezoea nikisema kwa mzaha.

Nikarudi nyumbani, nikawa mwalimu wenu. Mlilalamika sana kwamba ninawafagilisha miezi mitatu kabla ya kuwapa fimbo. Wazazi wengine walikuja kuuliza kama ninafundisha gofu au kazi za nyumbani. Niliwajibu kwamba mtu asiyejua mchanga hatajua mpira, na lilikuwa jibu la kweli. Aliyelielewa zaidi alikuwa Georgette. Alikuja akivuka kwa pirogue, mtumbwi wa kuchonga, kutoka Lubunga alfajiri, fimbo zake tatu zimefungwa ndani ya mfuko wa mchele, na wiki ya pili tu akaniambia, "Mama, leo muchanga wa shimo ya tano uko na hasira." Nikaenda kuufinya. Kweli ulikuwa na hasira. Ana macho yale ya Mama Bolaya, na mkono ambao mimi sikuwahi kuwa nao.

Sasa Alhamisi. Katibu alitaka sherehe, na kwa kuwa hakuna fedha ya sherehe, alitoa hotuba. Akatangaza kwamba kwenye shimo la mwisho gunia nitalivuta mimi, "mama wa kwanza akimnyooshea njia wa pili." Mlipiga makofi. Georgette alifika pale akiwa na mapigo themanini na moja, kama mimi enzi zile, mpaka nikadhani Mungu naye ana mzaha. Mpira wake ulilala hatua nne. Nikachukua gunia, lile lile la Mama Bolaya. Nguo ya gunia imebadilishwa mara nyingi, mti haujabadilishwa.

Nikafupisha kamba ya kushoto.

Ningependa kuandika kwamba kidole kilifanya chenyewe kwa mazoea. Si kweli. Nilikuwa ninalifikiria tangu shimo la saba. Nilimpenda yule mtoto, sikutaka aende kuuza betri. Nilipenda pia ule ubao: jina la pili chini ya langu, na watu wakisema limetoka mikononi mwangu. Sijui ni upendo upi uliovuta kamba zaidi, na kila nikijaribu kuupima, wa pili unazidi.

Georgette alichuchumaa nyuma ya mpira. Akaangalia mchanga. Akaniangalia mimi. Akaangalia mchanga tena, kwa muda mrefu, na ninyi mkadhani anakusanya moyo. Alikuwa ameona. Nilimfundisha kuona kwa miezi mitatu, kisha nikataka asione kwa dakika moja.

Kanuni ya kumi na moja ya uwanja wetu, iliyobandikwa mlangoni ambapo hakuna anayeisoma, inasema mchezaji akiona gunia limevutwa vibaya aseme kabla ya kupiga, na litavutwa tena na mtu mwingine. Lilihitajika neno moja tu. Lakini neno lile lingesemwa mbele ya mtahini, katibu na ninyi wote, na kila mtu angeinama kuangalia mfereji, kisha angeinua kichwa kumwangalia aliyeuchora.

Hakusema. Akasogeza miguu, akalenga nje ya mfereji, upande wa juu, ambako gunia halikupita na nyayo zenu zilikuwa zimejaa. Aliusukuma vizuri, mkono haukutikisika hata kidogo. Mpira ukapanda, ukaanza kuteremka kuelekea shimo, ukapita juu ya unyayo wa mtu, ukakengeuka, ukasimama ukingoni mwa kopo. Nilitaka nipige chafya uanguke. Mtahini alimngoja aumalizie, akaandika themanini na tatu. Mmoja wenu alisonya, na mwingine, simtaji, alicheka.

Nilimfuata kivukoni. Alikuwa ameketi juu ya mfuko wake wa mchele akingoja pirogue ijae.

"Sababu ya nini hukusema?" nikamuuliza.

"Kusema nini, Mama?"

"Georgette."

Akaangalia maji. "Kama nasema, banaondosha jina yako kwa mubao. Mi niko na miaka kumi na tisa, naweza kutafuta jina ingine. Weye uko na ile moja tu."

"Na Banalia?"

"Banalia iko na batu, Mama. Batakula chumvi."

Pirogue ikajaa. Akaniaga kwa mikono miwili, kama alivyoniaga kila siku, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Nilirudi nyumbani nikala vizuri, nikalala vizuri. Ninawaambia kwa sababu watu wakisimulia mambo kama haya husema dhamira iliwanyima usingizi. Yangu ilinisubiri hadi Ijumaa mchana, katibu alipokuja na karatasi nyeupe na kalamu mpya, akaniomba haya maneno ya bidii hulipa. "Na utie kidogo juu ya woga, Mama Zaina," akasema, "ile mufano ya Georgette, bila kutaja jina, batajua." Nilikuwa na sahani mbele yangu. Nikaisukuma kando bila kuonja, nikaenda kubandua kanuni ya kumi na moja mlangoni.

Ndege ya mtahini, kama desturi ya ndege zetu, ilikuwa imeahirishwa hadi Jumanne. Jioni ile nilimkuta hotelini kwake, barazani, amekunja suruali kwa ajili ya mbu. Nikamwekea mezani kanuni ya kumi na moja, nikamwonyesha mstari wa chini kabisa: mfagiaji akikiri kwamba alivuta vibaya, pigo linafutwa na kurudiwa. Aliusoma mara mbili. Akaniuliza kama umewahi kutumika. Nikamwambia hapana, tangu klabu ianzishwe hatujawahi kuwa na mfagiaji mwenye kosa.

Akavua miwani. "Donc ni weye uliharibu?"

"Sikuharibu. Nilitengeneza sana."

Ni mtu wa Kinshasa, Kiswahili chake kinachechemea, lakini akili yake inatembea vizuri. "Na mutihani yako, Mama? Wakati ile? Balikuvutia aje?"

Ningeweza kusema sikumbuki. Wazee tunaruhusiwa. Nilitoa kadi yangu kwenye mkoba, imelainika kona zote na picha imefifia hadi sijulikani, nikaiweka juu ya kanuni, nikamsimulia yote kama nilivyowasimulia ninyi. Aliichukua. Alisema juu yangu ataandika kwa wakubwa wake, wao ndio wataamua. Juu ya Georgette hakuhitaji mtu wa kumwamulia: Jumatatu saa moja asubuhi, pigo moja, kutoka pale pale. Gari la Banalia linaondoka saa tatu.

Fundi wa rangi nimemwambia aanze ubao kwenye mstari wa pili, na ule wa kwanza, uliokuwa wangu, auache mweupe. Aliniuliza kama kuna jina litakuja pale. Nikamwambia kama anajua kuandika Bolaya, aandike, lakini chini ya vikombe. Katibu hajui bado. Atajua pamoja nanyi, akishabandika.

Kwa hiyo njooni Jumatatu. Simameni mbali na mchanga, maana unyayo mmoja wenu ulimgharimu mtu kitu kikubwa. Na aliyecheka aje mapema, afagie majani.

Mimi jana nilivuka mto. Nilikuwa sijavuka kwenda Lubunga kwa miaka, magoti yangu hayapendani na pirogue. Nilibeba gunia kichwani, na watu walinisalimia wakidhani naenda shambani. Georgette alikuwa uani kwao, akisaidia kupanga samaki wa kukausha, na begi lake la safari liko mlangoni. Nikamweleza mambo ya hotelini. Hakunishukuru, na hakunilaumu. Akaosha mikono, akauliza swali moja tu.

"Nani atavuta gunia?"

"Yeyote unayemtaka."

"Mi mwenyewe."

Akalichukua, akalipindua, akauangalia ule mti. Ncha ya kulia ilikuwa nene kama siku ilipokatwa. Ya kushoto ilikuwa imeliwa, imechongoka, miaka ya Mama Bolaya na miaka yangu. Alipitisha kidole pale polepole, kisha akafungua kamba, akauweka mti juu ya kigogo, akachukua panga la baba yake. Alikata ncha ya kushoto, akakata na ya kulia, akapima kwa jicho, akakata ya kulia tena kidogo. Akafunga kamba upya, akavuta gunia juu ya vumbi la uani mara moja, akachuchumaa kuangalia.

Nami nikachuchumaa kando yake, magoti yakilia. Palikuwa bapa.

Kisha akaniuliza kama nimekula.